Bima ya boila: nani atatia sahihi?

Leo tuache kompyuta kidogo, tuongee juu ya gari moshi. Injini nambari 5918, Mount Gelai, ni ya Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni moja kati ya Garratt 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Ina uzito wa tani 252 hivi. Enzi ya mvuke kwenye reli yetu iliisha mwaka 1980, lakini baadaye injini hii ilifufuliwa ikavuta safari za watalii. Mimi kama mtu wa programu najiuliza: nani alikubali kutia sahihi kwamba haitalipuka?

Presha ya kazi ya boila ile ni pauni 225 kwa inchi mraba, kama mara saba ya tairi la gari dogo. Maji ndani yana joto la nyuzi 200 na bado ni maji, kwa sababu presha inayabana. Bati likipasuka, mengi yanageuka mvuke kwa mpigo mmoja. Hapo hakuna ku-restart.

Ajabu ni kwamba mwaka 1854, mwaka ule ule Beyer Peacock ilipoanzishwa, mji huo huo wa Manchester ulizaa chama cha kukagua boila za viwanda, na William Fairbairn alikuwa mmoja wa waanzilishi. Hakikulipa fidia. Kilituma mkaguzi. Mwaka 1858 ikaja kampuni ya kwanza ya bima ya boila, na ubishi ukaanza: mwenye kiwanda akijua atalipwa, si atazembea? Jibu lililoshinda ni kuunganisha mambo mawili: hupati bima mpaka boila ikaguliwe. Hartford ya Marekani, iliyoanza 1866, ilifuata njia hiyo hiyo. Kwa hiyo ukinunua bima ya boila, kwa kweli unanunua macho ya mtu mwingine. Wenzangu wa programu, mnaona? Aliyeandika kodi asiwe peke yake anayeipitisha.

Mkaguzi anatafuta nini? Kutu, nyufa, mabati yaliyoliwa, valvu ya usalama iliyoganda. Na maji yenyewe. Sisi wa Rhonda, Ziwa Nakuru likiwa pale chini, hatuhitaji kuelezwa magadi ni nini. Maji ya magadi hutoa povu ndani ya boila, na povu linaweza kukidanganya kioo cha kupimia. Fundi anaona maji yako juu, kumbe paa la tanuri linakaribia kubaki kavu. Ndiyo maana pale juu huwekwa plagi ya risasi: maji yakipungua inayeyuka, mvuke unamwagikia moto.

Siku za East African Railways, shirika lilikuwa na karakana na mafundi wake wa boila. Makumbusho hayana jeshi hilo. Uingereza, reli za kumbukumbu huita mkaguzi wa bima kila mwaka, boila ikiwa baridi kisha ikiwa na moto, na kwa kawaida kila miaka 10 inashushwa na kufunguliwa yote. Kwetu injini zipo, na mapenzi yapo. Ila waliojua kuingia ndani ya tanuri na nyundo ndogo, wakagonga na kusikiliza, walistaafu zamani, na sijaona vijana wengi wakifundishwa kazi hiyo.