Cyclone Taylor: kimbunga cha barafuni na meli iliyorudishwa

Wadau, mnadhani wachezaji kulipwa mapesa ya kutisha ni mambo ya juzi? Hebu twende Kanada, mwaka 1909. Renfrew, kamji kadogo huko Ontario, kanamsajili Fred Taylor kucheza hoki ya barafu. Dau lililotajwa ni dola 5,250 kwa msimu wa mechi 12 hivi!

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni mpira wa magongo juu ya barafu, watu wanateleza kwa viatu vyenye makali ya chuma chini. Enzi hizo timu ilikuwa na watu 7. Taylor alisifika kwa mbio. Chama cha Ontario kilimfungia alipokataa kuchezea timu moja ya Toronto, naye baadaye akatimkia Houghton, Michigan, kwenye ligi iliyoanza 1904, ya kwanza kulipa wachezaji waziwazi. Mwaka 1907 Ottawa wakamnasa, na huko ndiko alikopata jina la Cyclone, yaani Kimbunga.

Mimi kinachonivutia ni yale makubaliano ya Ottawa. Walimpa dola 500 za msimu pamoja na ajira serikalini, uhamiaji, dola 35 kwa mwezi. Wazee waliochezea timu zetu za mashirika ya umma wanaijua biashara hiyo: unasajiliwa uwanjani, unapewa na meza ofisini. Piga hesabu, dau la Renfrew lilikuwa sawa na mshahara wa meza hiyo kwa miaka 12 na ushee. Lakini Renfrew, pamoja na pesa zote za familia ya O'Brien, wenye migodi ya fedha, kombe hawakulipata. Meza ndiyo ilidumu.

Mwaka 1912 akahamia Vancouver, kucheza na kufanya kazi ya uhamiaji. Tarehe 23 Mei 1914 ikaingia meli ya Komagata Maru ikiwa na abiria 376, wengi wao Masingasinga wa Punjab, kule kule walikotoka vibarua wengi waliojenga reli ya Uganda. Wote walikuwa raia wa dola ya Kiingereza kama Taylor mwenyewe. Sheria ilidai msafiri aje moja kwa moja kutoka kwao bila kuunganisha safari, na meli za namna hiyo kutoka India hazikuwepo. Ujanja mtupu, ukiniuliza mimi.

Taylor anatajwa miongoni mwa maofisa wa kwanza kupanda meli ile. Sheria hakuitunga yeye, sawa. Ila alikuwa upande wa wenye mihuri. Abiria walikaa majini miezi miwili, wakaruhusiwa kushuka ishirini na kitu tu, na tarehe 23 Julai meli ikafukuzwa. Ilipofika Budge Budge, karibu na Calcutta, polisi walifyatua risasi na watu wapatao 20 wakafa.

Machi 1915, mji ule ule wa Vancouver ulilipuka kwa shangwe: Taylor na wenzake waliifunga Ottawa mechi tatu mfululizo na kubeba Kombe la Stanley.

Aliendelea na uhamiaji hadi akawa mkuu wake kwenye jimbo zima, na mwaka 1946 alipewa nishani ya dola ya Kiingereza kwa kazi hiyo, si kwa mabao. Alifariki 1979. Kanada iliwaomba radhi bungeni watu wa Komagata Maru mwaka 2016, kupitia Waziri Mkuu Justin Trudeau.