Tangi kubwa la samaki wa miambani: Mambo ya kuzingatia Homa Bay na Migori

TANGI kubwa la kioo sebuleni, lenye mawe yaliyopangwa kama mwamba na samaki wa rangi za kung'aa, ni pambo ambalo wengi hulihusisha na bahari na matumbawe yake. Mkazi wa Homa Bay au Migori huenda akadhani kwamba haliwezekani mbali na Mombasa.

Hata hivyo, Ziwa Victoria lina miamba yake na samaki wake wa miambani. Kwenye kingo zenye mawe za visiwa kama Rusinga na Mfangano, na katika rasi za mawe kuelekea mpaka wa Tanzania, huishi samaki wadogo waitwao fulu kwa Kiluo, na furu upande wa Tanzania. Madume wao huwa na rangi nyekundu, manjano au samawati.

Matumbawe yana gharama kubwa mbali na pwani. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita, hivyo tangi la lita 600 huhitaji kilo 21 za chumvi maalumu kwa mara ya kwanza pekee. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalsiamu na magnesi za kutosha. Aidha, biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu hudhibitiwa na mkataba wa CITES.

Kwa nini fulu

Wataalamu hukadiria kwamba ziwa hili lilikuwa na takriban spishi 500 za fulu, nyingi zikiwa hazipatikani kwingine duniani. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980. Inakadiriwa kwamba spishi 200 hivi zilitoweka.

Mbuta hakuwa adui wa pekee. Mwaka 1997, watafiti Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walieleza katika jarida la Science kwamba maji ya ziwa yanapochafuka, jike hushindwa kutambua rangi ya dume wa aina yake. Matokeo yake ni kwamba spishi mbalimbali huzaana na tofauti zao kufutika.

Katika miaka ya 1990, hifadhi za wanyama za Marekani na Ulaya zilianza kuzalisha fulu kwenye matangi ili baadhi yao wasipotee kabisa. Hivyo tangi la nyumbani likitunzwa vyema laweza kuhifadhi uhai, bali likitunzwa ovyo huharibu mbegu.

Ukubwa na uzito

Fulu dume hulinda eneo lake kwa ukali, na tangi dogo humnyima mnyonge mahali pa kukimbilia. Tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60 huingia lita 648. Kwa kimo hicho, kioo cha milimita 12 chenye vipande vya kushikilia juu hutumika sana. Gundi iwe silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, iachwe wiki moja ikauke, kisha tangi lijazwe maji nje ya nyumba kwa majaribio.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, tangi hilo hukaribia kilo 900. Mahali pake ni sakafu ya saruji ya chini, juu ya meza ya chuma au mbao nzito iliyonyooshwa kwa pimamaji. Dirisha lenye jua la moja kwa moja liepukwe, kwani maji hugeuka kijani.

Mawe na mchanga

Si kila jiwe la eneo hili linafaa. Mlima Homa una miamba yenye kaboneti, ambayo huyeyuka polepole na kubadilisha maji. Dondosha siki juu ya jiwe: likitoa povu, lina kaboneti. Matale hayatoi povu na hufaa zaidi.

Mawe na mchanga kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyatike na Macalder, au mito inayopitia huko, yasitumiwe. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukusanya dhahabu, na sumu hiyo hubakia kwenye matope.

Kuna pia hatari ya kichocho, ambacho ni tatizo la muda mrefu katika vijiji vya ufuoni. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kumpenya mtu aliyesimama majini. Mawe yaokotwe nchi kavu, yasuguliwe, yaanikwe juani siku kadhaa. Mimea na konokono wa ziwani visiingizwe tangini.

Mawe yalazwe juu ya sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa. Samaki hawa huchimba, na jiwe lililosimama juu ya mchanga laweza kuanguka na kupasua kioo.

Maji na chujio

Maji ya mfereji yaliyotiwa klorini huachwa kwenye pipa saa 24 hadi 48 yakipulizwa hewa. Joto linalofaa ni nyuzi 24 hadi 27. Mjini Homa Bay kipasha joto huenda kisihitajike. Mji wa Migori uko juu zaidi ya ufuo na usiku wake huwa baridi, kwa hivyo kipimajoto ndicho kiamue.

Tangi la pili lililowekwa chini ya lile kubwa hutumika kama chujio. Maji hushuka humo kwa bomba, hupita kwenye sponji na changarawe, kisha pampu huyarudisha. Pampu iweze kuzungusha maji yote mara nne au tano kwa saa.

Kinachosafisha hasa ni bakteria. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, kisha nitrati, ambayo hupunguzwa kwa kubadilisha robo ya maji kila wiki. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kujijenga, wakilishwa kwa chembe za chakula cha samaki. Wengi hupoteza samaki wao wa kwanza kwa kutosubiri.

Umeme

Pampu ya wati 40 ikifanya kazi mchana na usiku hutumia karibu yuniti 29 kwa mwezi. Taa za LED za wati 60 zikiwashwa saa 10 kwa siku huongeza yuniti 18.

Umeme ukikatika, maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba hushuka yote. Katika tangi la kipimo hiki, kila sentimita moja ni karibu lita 11. Tangi la chini liachiwe nafasi ya kutosha, na bomba la kurudisha maji litobolewe kitundu kidogo chini kidogo ya uso wa maji ili lisiendelee kunyonya. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwepo daima, kwani samaki na bakteria hukosa oksijeni saa chache tu baada ya maji kusimama.

Nyaya zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni.

Samaki wenyewe

Dume mmoja kwa majike watatu au wanne wa spishi ileile ni mwanzo mzuri. Majike wa spishi tofauti hufanana mno, na wakichanganywa huzaa machotara. Jike hubeba mayai na vifaranga kinywani kwa wiki mbili hadi tatu, na muda huo hali kitu. Fulu wa miambani wengi hula mwani na wadudu. Chakula chenye mafuta ya nyama huwavimbisha tumbo. Mgeni atengwe wiki tatu kabla ya kuunganishwa na wenzake.

Fulu hutumiwa na wavuvi kama chambo cha ndoana za mbuta, hivyo hupatikana wakiwa hai. Hata hivyo, anayetaka kuvua au kusafirisha samaki hai aulize kwanza ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu leseni.

Usirudishe ziwani

Kanuni kuu ni kwamba kilichoingia tangini kisirejeshwe ziwani, hata kama mwenyewe amechoka kufuga. Machotara na magonjwa yatakwenda nacho. Gugumaji, ambalo limekuwa likiziba ghuba ya Homa Bay na kuwazuia wavuvi kutoka, lilisambazwa duniani kama ua la kupamba vidimbwi. Lilionekana ziwani karibu na mwaka 1990, na hadi leo halijang'oka.