Kupanda farasi: faida kwa afya, hatari zake, na kwa nini kwetu ni vigumu

Video za namna hii zinapita sana kwenye simu: mtoto mwenye ulemavu amekaa juu ya farasi, watu wawili wanamshika huku na huku, mama yake anafuta machozi. Chini yake wanaandika kwamba farasi anaponyesha watoto wasiotembea. Mzazi wa Bunia, Butembo, Bukavu ao Uvira akiona ile video anabaki na swali: je, ni kweli? Na kama ni kweli, sisi tutapata wapi farasi?

Makala hii inaeleza faida ambazo watu wanasema wanapata, zile ambazo utafiti umezipima, hatari zilizopo, na vizuizi vinavyofanya watu wengi wasipande farasi, kwetu na hata huko Ulaya.

Mwili unafanya kazi gani juu ya farasi?

Wengi wanafikiri kwamba farasi ndiye anachoka peke yake, mtu amekaa tu kama kwenye kiti. Siyo hivyo. Farasi akitembea, mgongo wake unasogea mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Mtu aliye juu lazima ajirekebishe kila hatua ili asianguke. Misuli ya tumbo, ya mgongo, ya mapaja na ya nyonga inafanya kazi bila yeye kujua.

Wataalamu wa michezo wanapima nguvu ambayo mwili unatumia kwa kuilinganisha na mtu aliyekaa kimya. Farasi akitembea polepole, mpandaji anatumia nguvu karibu mara 4 ya mtu aliyekaa. Farasi akianza kukimbia kidogo, inafika karibu mara 6. Akienda mbio, inapita mara 7. Kwa kulinganisha, mtu anayetembea kwa miguu kwa haraka anatumia kidogo zaidi ya mara 4. Kwa hiyo kupanda farasi ni mazoezi ya kweli, lakini farasi akitembea tu, kazi ya moyo na mapafu haipiti ile ya mtu anayepanda mlima kwenda shamba.

Kuna pia kazi ya chini: kusafisha zizi, kubeba maji na majani, kumsugua mnyama. Ile nayo inatoa jasho.

Wapanda farasi wenyewe wanasema nini?

Mwaka 2011, British Horse Society, shirika kubwa la wapanda farasi wa Uingereza, liliomba Chuo Kikuu cha Brighton na Plumpton College wachunguze jambo hili. Wapanda farasi zaidi ya 1,200 walijibu maswali. Karibu 7 kwa 10 walisema wanapanda ao kushughulika na farasi kwa nusu saa ao zaidi, mara 3 ao zaidi kwa wiki. Zaidi ya 8 kwa 10 walisema farasi anawapa furaha na utulivu. Wengi walioulizwa walikuwa wanawake, na kati yao kulikuwa wengi waliopita miaka 45, umri ambao watu wengi wanaacha michezo.

Sababu kubwa waliyotoa haikuwa kupunguza kilo. Walisema wanapenda kuwa pamoja na mnyama na kuwa nje, kwenye hewa na majani.

Hapa tuwe makini. Walioulizwa ni watu ambao tayari wanapenda farasi, na aliyeomba uchunguzi ni shirika la farasi. Ukiuliza wachezaji wa mpira kama mpira ni mzuri, utajua jibu mbele. Mtu aliyeanguka na kuacha hakuulizwa. Kwa hiyo matokeo hayo yanaonyesha vile wapandaji wanavyojisikia. Hayaonyeshi kwamba kila mtu akipanda farasi atapata afya. Na mtu mwenye uwezo wa kufuga farasi kwa kawaida anakula vizuri na anapata muganga. Afya yake haitoki kwa farasi peke yake.

Farasi kama tiba: jambo lilianza wapi?

Jina linalotajwa sana ni Lis Hartel, mwanamke wa Denmark. Mwaka 1944, akiwa na mimba, alipata polio. Mtoto alizaliwa mzima, lakini miguu ya mama, kuanzia magoti kwenda chini, ilibaki imepooza. Alirudi kupanda farasi, ingawa alihitaji msaada kupanda na kushuka. Mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alipata medali ya fedha, akishindana na wanaume wazima. Mwaka 1956 alipata nyingine ya fedha.

Habari yake iliwapa watu wa Ulaya wazo la kutumia farasi kusaidia wenye ulemavu. Huko Uingereza, shirika la Riding for the Disabled Association liliundwa mwaka 1969. Na tangu Atlanta mwaka 1996, wapanda farasi wenye ulemavu wanashindana katika kila Michezo ya Paralimpiki.

Lakini tukumbuke: Lis Hartel hakupona polio. Miguu yake haikurudi. Farasi alimpa nafasi ya kusogea, kushindana na kuheshimiwa.

Utafiti unasema nini kuhusu watoto?

Watoto wanaopelekwa sana kwa farasi ni wale wenye mtindio wa ubongo, ule ugonjwa ambao hospitalini kwetu wanauita IMC. Mara nyingi mtoto huyo misuli yake imekaza, shingo ao mgongo haushiki vizuri. Wazo la watu wa kinezi ni hili: nyonga za mtoto aliyekaa juu ya farasi anayetembea zinasogea karibu sawa na nyonga za mtu anayetembea kwa miguu. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anapata kuonja ule mwendo. Pia joto la mwili wa mnyama linasaidia misuli kulegea.

Tafiti ndogo nyingi zimeonyesha kwamba watoto wengine wanakaa wima vizuri zaidi na usawa wao unaongezeka. Lakini utafiti mmoja wa Australia, uliotoka mwaka 2009, uligawanya watoto 99 wenye IMC kwa bahati nasibu: wengine walipanda farasi kwa wiki 10, wengine walibaki na maisha yao ya kawaida. Mwishoni, hakukuwa na tofauti kubwa kati ya makundi mawili kwa uwezo wa kusogea wala kwa afya.

Kwa watoto wenye otizimu, matokeo ni mazuri kidogo. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2015 ulichukua watoto na vijana 127. Kundi moja lilipanda farasi kwa wiki 10. Lingine lilijifunza habari za farasi bila kugusa mnyama. Wale waliopanda walipunguza hasira na fujo, na walianza kuzungumza zaidi na watu.

Kwa kifupi: farasi anaweza kusaidia usawa, mgongo na moyo wa mtoto. Hafungui mishipa ya ubongo iliyoumia. Mtu akikuambia kwamba farasi anaponyesha IMC ao otizimu, anakudanganya.

Hatari

Farasi mzima anafika kilo 400 mpaka 600. Anaogopa haraka: karatasi inayopeperuka, mlio wa moto, mbwa. Mtu akiwa juu yake, kichwa kiko zaidi ya mita 2 kutoka chini. Akianguka kwa kichwa, anaweza kufa ao kupooza. Mwaka 1995, Christopher Reeve, yule mwigizaji wa filamu za Superman, alianguka kutoka kwa farasi na akapooza kuanzia shingoni kwenda chini. Alikuwa amevaa kaske. Kaske ni lazima, kama vile kwa motari, lakini hailindi shingo.

Wako pia watu ambao hawafai kupanda bila ruhusa ya muganga: mwenye kifafa kisichotulia, mwenye mifupa dhaifu, mtoto ambaye nyonga imetoka mahali pake, na watoto wengine wenye ugonjwa wa Down ambao mifupa ya shingo yao haishikamani vizuri.

Kwa nini kwetu farasi ni wachache?

Sababu ya kwanza ni nzi mmoja: mbung'o, ambaye wengi tunamuita tsetse. Huyu huyu analetea watu ugonjwa wa usingizi, na inchi yetu ndiyo imekuwa na wagonjwa wengi kupita zote duniani. Kwa wanyama, analeta ugonjwa unaoitwa nagana. Farasi hauvumilii: anakonda, anavimba tumbo na miguu, kisha anakufa. Ndiyo maana wakati wa ukoloni mizigo ya Kongo ilibebwa kwenye vichwa na mabega ya watu, siyo kwenye mgongo wa farasi.

Sababu ya pili ni tauni ya farasi ya Afrika. Inaletwa na vijidudu vidogo vinavyoruka usiku, vidogo kuliko mbu. Haina dawa ya kuponyesha, na inaweza kuua zaidi ya farasi 7 kwa 10 wanaoipata. Chanjo iko, inatengenezwa Afrika Kusini, lakini inahitaji baridi na veterineri anayejua kazi. Punda na punda milia wanavumilia ugonjwa huo kuliko farasi.

Lakini magonjwa siyo jibu lote. Mbung'o hapendi baridi ya milima. Ndiyo maana ng'ombe wanaishi Masisi na kwenye milima ya Minembwe. Lesotho, inchi ya milima na baridi, watu wa vijijini wanapanda farasi mpaka leo pale ambapo gari haifiki, na Ethiopia wana farasi kwa mamilioni. Kwa hiyo, kwa milima yetu, kizuizi kikubwa ni kingine: feza, veterineri na usalama. Mahali ambapo ng'ombe wanaibiwa na kuchinjwa na watu wenye silaha, nani ataleta farasi?

Kinshasa na Lubumbashi kuna klabu za farasi, zile zinazoitwa cercle hippique. Ng'ambo ya mpaka, watu wanapanda kwa kulipia juu ya Mlima Kigali huko Rwanda, na watalii kwenye mbuga ya Ziwa Mburo huko Uganda. Kwa familia ya Uvira ao Beni, hizo zote ziko mbali, kwa njia na kwa mfuko.

Hata Ulaya siyo kila mtu anapanda

Tusifikiri kwamba kule ni rahisi. Farasi mmoja anakula kilo 8 mpaka 10 za majani makavu kila siku na kunywa litre 25 mpaka 50 za maji. Kwato zake zinatengenezwa kila wiki 6 mpaka 8. Anaweza kuishi miaka 25 ao zaidi, na kila siku anakula, apandwe asipandwe. Watu wengi wanalipa tu kwa saa moja, na hata hiyo saa iko bei kubwa kwa mfanyakazi wa kawaida.

Vizuizi vingine ni woga, umbali, barabara zenye magari, na ile picha kwamba farasi ni wa matajiri. Kwa mtoto mwenye ulemavu, kikao kimoja kinaweza kuhitaji watu 3: mmoja wa kuongoza farasi na wawili wa pembeni. Bila watu wa kujitolea, kazi inasimama.

Mzazi afanye nini?

Tukiondoa farasi, kilichobaki ni mambo manne: mtoto anakalishwa wima, mwili wake unasogezwa kwa mwendo wa kurudia-rudia, anatoka nje ya nyumba, na watu wanamshughulikia kila wiki bila kukosa. Yote manne yanawezekana hapa.

- Peleka mtoto kwa kinezi mapema, usingoje akue. Vituo kama Heri Kwetu huko Bukavu na Shirika la Umoja huko Goma vimehudumia watu wenye ulemavu kwa miaka mingi. Mahali pengine, uliza hopitali ya karibu kama kuna mtu wa kinezi.
- Omba akuonyeshe mazoezi ya nyumbani. Mtoto mdogo anaweza kukaa juu ya paja la mzazi, miguu huku na huku kama juu ya farasi, mzazi akimsogeza polepole kushoto na kulia huku amemshika kiunoni. Ufanye vile tu ulivyoonyeshwa, maana kila mtoto ana hali yake.
- Usimfungie ndani. Mtoto anayekaa uwanjani na wenzake, hata kama hachezi, anapata sehemu ya ile furaha inayoonekana kwenye video.
- Usiuze shamba ao mbuzi juu ya safari ya kutafuta farasi. Kikao kimoja ao viwili havibadilishi kitu. Hata katika tafiti, watoto walipanda kila wiki kwa miezi.
- Kwa mtu mzima anayetafuta mazoezi, Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 mpaka 300 za kusogea kwa wiki. Kutembea kwa haraka, kulima, baiskeli, kucheza muziki: vyote vinahesabiwa.

Na ukipata siku moja nafasi ya kupanda, Kigali ao Lubumbashi, panda. Vaa kaske, mwambie mwenye farasi ukweli kuhusu afya yako, anza na mnyama mtulivu. Ni furaha nzuri. Ila dawa ya mtoto wako haiko juu ya mgongo wa farasi; iko katika mazoezi ya kila siku, na hayo unaweza kuanza wiki hii.