Mbio za Magari Iringa: Vigezo vya Kuchagua Kamera ya Kurekodia Ndani ya Gari

IRINGA – Mkoa wa Iringa ni miongoni mwa mikoa iliyowahi kuwa mwenyeji wa raundi za mashindano ya taifa ya mbio za magari. Magari yanapopita katika barabara za udongo mwekundu, watazamaji huinua simu zao kurekodi. Hata hivyo, picha zinazotafutwa zaidi ni zile zinazotoka ndani ya gari lenyewe: mikono ya dereva kwenye usukani, sauti ya msoma ramani, na kona inayojitokeza ghafla ndani ya vumbi. Picha hizo hurekodiwa kwa kamera ndogo zinazoenea kiganjani, ambazo wananchi wengi huziita GoPro hata zinapokuwa zimetengenezwa na kampuni nyingine kama DJI au Insta360.

GoPro ilianzishwa nchini Marekani mwaka 2002 na Nick Woodman, na kamera yake ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 2004, bado ilitumia filamu ya milimita 35. Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, aliposhinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966 na 1967 akiendesha Peugeot 404, kifaa cha namna hii hakikuwapo. Leo kijana anayeanza mchezo huu anaweza kumiliki kamera mbili au tatu, na tatizo lililobaki ni kujua ipi inamfaa.

Matangazo ya biashara hutanguliza idadi ya nukta za picha. Kwa mbio za magari, kigezo hicho si cha kwanza. Kamera yenye ubora wa 4K na fremu 50 au 60 kwa sekunde inatosheleza mahitaji ya timu nyingi, na kinachotofautisha picha nzuri na mbovu ni mahali kamera ilipofungwa, jinsi inavyomudu mwanga, na iwapo itaendelea kufanya kazi hadi mwisho wa hatua.

Suala la kufunga kamera linahusu maisha ya watu. Kamera nyingi za aina hii zina uzito wa takribani gramu 150. Gari likisimama ghafla kwa mkazo ulio mara 25 ya nguvu ya mvutano wa dunia, gramu hizo 150 huvuta kishikio chake kama mzigo wa karibu kilo nne. Kishikio cha mpira kinachonyonya kioo hakikuundwa kwa kazi hiyo, na hushika vibaya zaidi kioo kinapokuwa na vumbi au baridi, hali mbili ambazo asubuhi za Iringa za mwezi Juni na Julai huzikutanisha pamoja. Kamera iliyong'oka huweza kumpiga dereva usoni au kujiviringisha hadi chini ya pedali ya breki. Kwa sababu hiyo, ifungwe kwa klempu ya chuma kwenye mabomba ya kinga yaliyomo ndani ya gari, mkono wa kishikio uwe mfupi kadiri inavyowezekana, na iwekewe kamba ya usalama inayojitegemea. Mkono mrefu wa plastiki, pamoja na kuwa dhaifu, huongeza mtikisiko wa picha.

Kufunga kamera juu ya helmeti ni kosa linalojirudia. Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) haziruhusu helmeti ya mashindano kubadilishwa kinyume na maelekezo yaliyoidhinishwa ya mtengenezaji wake. Kwa upande wa gari, mshiriki anashauriwa kuwa na kamera zake zote mahali pake kabla ya ukaguzi wa magari, ili wakaguzi wazione na kuzikubali au kuzikataa, badala ya kuzibandika dakika za mwisho kwenye mstari wa kuanzia.

Mahali panapotoa picha yenye manufaa zaidi ni nyuma, katikati ya viti viwili, kwa usawa wa mabega. Kutoka hapo huonekana usukani, daftari la msoma ramani na barabara kwa pamoja, na dereva anayerudia kutazama baadaye hubaini ni wapi alichelewa kufunga breki. Kamera ya kioo cha mbele huonyesha barabara pekee. Kamera za nyuzi 360 hurekodi pande zote na humwezesha mhariri kuchagua upande baadaye, ila lenzi zake hutokeza nje na kukwaruzika upesi, jambo la kufikiriwa na yeyote anayekusudia kuifunga nje ya gari katika vumbi la kiangazi.

Jambo moja huwashangaza wanunuzi wengi. Teknolojia ya kutuliza picha, inayosifiwa sana katika matangazo, inaweza kuharibu picha ya ndani ya gari. Vihisi vya kamera hupima mtikisiko wa kamera yenyewe, kisha programu huutoa mtikisiko huo katika picha. Kwa kuwa kamera imefungwa kwenye gari na inatikisika nalo, barabara na miti hutulia lakini dashibodi, usukani na dereva huonekana wakielea huku na huko. Kwa kamera ya ndani, mfumo huo uzimwe au uwekwe kiwango cha chini kabisa. Kwa kamera ya bampa au ya juu ya gari isiyoonyesha sehemu kubwa ya gari, uwashwe. Maana yake ni kwamba anayenunua kwa ajili ya ndani pekee hana sababu ya kuongeza fedha kwa sifa hiyo.

Mwanga wa Nyanda za Juu Kusini nao una ugumu wake. Mji wa Iringa upo zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na jua lake la mchana ni kali, ilhali ndani ya gari ni giza. Kamera ikiachiwa kujipangia mwanga, huvutwa na giza hilo na kuiacha barabara ikiwa nyeupe tupu. Katika njia za misonobari kama zile za Sao Hill wilayani Mufindi, kivuli na jua hupokezana kila baada ya mita chache, na picha hubadilika rangi mfululizo. Ni vyema kuchagua kamera inayoruhusu kufunga kipimo cha mwanga kwa mkono, kisha kukipima kwa kutazama barabara. Vioo vya kupunguza mwanga hufaa mchana wa wazi, lakini msituni huongeza giza pasipo faida.

Kuhusu nishati, betri moja kwa kawaida hudumu saa moja au zaidi kidogo katika ubora wa 4K, na siku ya mashindano ni ndefu kuliko hapo. Ndani ya gari lililofungwa kamera pia hukosa upepo wa kuipoza na inaweza kujizima kwa joto. Kupunguza fremu kutoka 60 hadi 25 au 30 husaidia. Wanaotumia umeme wa gari wakumbuke kwamba kufungua mlango wa betri ili kupitisha waya huondoa kinga ya vumbi na maji, hivyo wanunue mlango maalumu wenye tundu la waya. Sauti ya msoma ramani haipatikani vizuri bila kuunganisha kamera na mfumo wa mawasiliano wa ndani ya gari, na si kila kamera hupokea waya huo bila adapta.

Kwa anayetaka mwendo wa gari uonekane kwenye picha, GPS ni ya lazima, na toleo jipya si lazima liwe nayo: HERO12 ya mwaka 2023 haikuwa nayo, HERO13 ya mwaka 2024 ikairejesha. Takwimu hizo zina upande wa pili. Kati ya hatua moja na nyingine, magari hupita katika barabara za kawaida, ambako Sheria ya Usalama Barabarani inatumika na kikomo cha maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Video inayoonyesha kilomita 90 mbele ya shule ni ushahidi dhidi ya aliyeirekodi. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu pia wanaokusanya na kusambaza picha zinazowatambulisha watu, na anayetaka kuongeza picha za angani kwa droni anapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Mnunuzi adai risiti ya EFD na dhamana ya maandishi. Bidhaa bandia zipo zaidi kwenye kadi za kumbukumbu kuliko kwenye kamera. Kurekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde hujaza takribani GB 45 kwa saa, kwa hiyo kadi ya GB 128 yenye alama ya V30 hutosha saa mbili na nusu. Kadi bandia huandikwa GB 128 ilhali uwezo wake ni mdogo zaidi, na kasoro hiyo haionekani hadi ijae. Kadi mpya irekodiwe nyumbani mpaka mwisho, kisha video yote itazamwe, siku kadhaa kabla ya ukaguzi wa magari.