Safu ya Lugha: Choki, balasti na stata
Ukipeleka enaji seva iliyogoma kuwaka kwa fundi, iwe Handeni au Korogwe, usishangae kuambiwa "choki imekufa". Hapo neno limepotea njia. Choki ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye mabamba ya chuma, ile inayovuma kwenye tyubulaiti ndefu. Kazi yake kuu ni kuzuia: mvuke wa zebaki ndani ya taa ukishaanza kupitisha umeme hauna kiasi, na bila kizuizi taa ingeungua. Kizuizi hicho, kiwe cha aina yoyote, ndicho balasti. Basi kila choki ya taa ni balasti, lakini si kila balasti ni choki. Balasti ya enaji seva ni saketi ya elektroniki iliyofichwa kitakoni. Huupokea umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde na kuupandisha hadi zaidi ya 20,000, ndiyo maana haivumi. Stata ni kitu kingine: huamsha tyubu, kisha hukaa pembeni.

Neno balasti lenyewe ni la mabaharia wa Ulaya: uzito wa kutuliza chombo, ambao watu wa pwani huuita farumi. Watu wa reli wakaliazima kwa kokoto zinazoshika mataruma, kama za njia ya Tanga ipitayo Korogwe. Kwa hiyo, kwa enaji seva iliyogoma, sema "balasti imeungua", na ujiandae kununua taa nzima, maana kwa kawaida balasti na tyubu yake huuzwa vikiwa kitu kimoja.