Daftari la Mahijra

Dharau wanayokumbana nayo mahijra wa India huelezwa kuwa ni mila ya tangu jadi. Maelezo hayo yanatuzuia kuona mkono wa serikali. Mahijra ni watu waliozaliwa wakahesabiwa wanaume, wakaishi kwa mavazi na majina ya kike chini ya mlezi, guru, anayewalea wanafunzi wake, chela. Kazi yao ilijulikana: mtoto akizaliwa au harusi ikifungwa, walifika mlangoni na ngoma, wakaimba, wakabariki, wakapewa nafaka, nguo au fedha. Katika tawala za Wamaratha, baadhi yao walikuwa hata na haki, iliyotambuliwa na mtawala, ya kupata ardhi au sehemu ya mapato ya kijiji. Waingereza walipoitwaa nchi, walikataa haki hizo zirithiwe.

Pigo kubwa lilikuja na Sheria ya Makabila ya Wahalifu ya mwaka 1871. Sehemu yake ya pili iliwahusu watu iliowaita matowashi, na iliagiza daftari la majina na makazi ya wote walioshukiwa kuiba watoto, kuwahasi, au kuvunja kifungu cha 377 cha Kanuni ya Adhabu ya 1860, kilichokataza ngono iliyoitwa kinyume cha maumbile. Shuku ilitosha. Aliyeandikwa humo, akionekana barabarani amevaa au kujipamba kike, au akicheza ngoma hadharani, alikamatwa bila hati na angeweza kufungwa miaka miwili. Hakuruhusiwa kukaa na mvulana wa chini ya miaka 16, kutoa zawadi ya mali, kuandika wosia wala kuasili mtoto. Tazama kilichoguswa hapo: ngoma ndiyo iliyowalisha, na urithi wa guru kwa chela ndio uliowafanya wawe jamaa. Sheria ilikata riziki na ukoo kwa mkupuo mmoja.

Atakayepinga atasema walidharauliwa hata kabla ya Waingereza, na kwamba matowashi waliopanda vyeo katika majumba ya watawala wa Kimughali wengi wao walikuwa watumwa. Ni kweli, na sitaipamba enzi ile. Lakini kumcheka mtu aliyekuja kumbariki mwanao ni jambo moja; kumfunga kwa sababu amekuja ni jingine kabisa. Wengine watasema serikali ilikuwa ikiwalinda watoto. Kama ndivyo, kuiba watoto kulikuwa tayari kosa kwa kila mtu. Kesi ya mtu aliyeitwa Khairati inaonyesha nia ilikuwa wapi. Alikutwa akiimba kati ya wanawake wa familia moja, amevaa kike, akapimwa mwili na daktari, akatiwa hatiani chini ya kifungu cha 377. Mwaka 1884 Mahakama Kuu ya Allahabad ilimwachia, kwa kuwa mashtaka hayakutaja wakati, mahali wala mtu aliyetendewa. Hata hivyo jaji alisifu juhudi za kukomesha mienendo hiyo.

Sehemu ya matowashi iliondolewa mwaka 1911. Watu walioishi chini yake waliendelea kuhesabiwa wahalifu machoni pa polisi na majirani. Mahakama ya Juu ya India ilipowatambua mahijra kuwa jinsia ya tatu yenye haki zote za raia, ikiitaja sheria ile ya 1871 katika hukumu yake, tarehe ilikuwa 15 Aprili 2014.