Pazia la Arusha

Mwaka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ambayo kwa Kiingereza jina lake linamtaja mfanyabiashara mmoja wa Venice. Huyo mmoja ni Antonio, muungwana anayekopa kwa ajili ya rafiki yake. Mwalimu akaiita Mabepari wa Venisi. Wingi ule haukumponyoka. Alikwisha kuifasiri Juliasi Kaizari mwaka 1963, kisha akairudia kuisafisha. Mtu wa namna hiyo hakosei umoja na wingi kwenye jalada. Kwa neno moja alimwondoa Shylock kwenye kiti cha mwovu pekee, akawaketisha wote benchi moja: mkopeshaji, mkopaji, na wale wanaopiga soga kuhusu merikebu zilizokawia.

Benchi hilo hunijia akilini kila nipitapo Kaloleni, kwenye jengo ambalo sasa ni Makumbusho ya Azimio la Arusha. Miiko ya uongozi iliyotangazwa 5 Februari 1967 haimtaji mwovu hata mmoja. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba ya kupangisha. Aliyeiandika hakuwa akimsaka mtu fulani. Alimchukulia kila kiongozi kuwa Makbeth ambaye bado hajakutana na wachawi wake. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM ilikutana Zanzibar ikailegeza miiko hiyo. Hiyo ni tamthilia nyingine, niiache.

Makbeth mwenyewe aliingia Kiswahili mwaka 1968 kwa kalamu ya S. S. Mushi, na miaka michache baadaye Mushi huyohuyo akatuletea Mfalme Edipode wa Sophocles. Wawili hao ndio mifano ambayo mwalimu wa fasihi hukimbilia anapoeleza tanzia. Aristotle alisema shujaa wa tanzia asiwe mwema kupindukia, maana anguko lake litatuudhi, wala asiwe mwovu tangu mwanzo, maana tutalishangilia. Awe katikati, aangushwe na kosa lake, na kabla ya kwisha atambue. Edipode anamtafuta mhalifu aliyeuletea mji tauni, anajikuta ni yeye, anajitoboa macho. Makbeth anaanza akiwa askari shujaa na mtiifu, anamuua mfalme aliyelala chini ya paa lake, kisha kila damu inadai nyingine.

Tunakaa kichwani mwa Makbeth muda mrefu kiasi kwamba mwishoni tunamhurumia. Shakespeare amempa uzungumzi wa nafsi, usiku kucha, kwa lugha ambayo hakuna mwingine jukwaani aliyejaliwa. Mke wa Macduff na watoto wake, waliouawa nyumbani kwao kwa amri ya Makbeth, wamepewa onyesho moja tu. Wanaingia, mtoto anatania na mama yake, wanachinjwa. Hatuwaoni tena. Nimeisoma tamthilia hii mara nyingi, na kila mara naona aibu kidogo kwa jinsi ninavyowapita haraka kurudi kwa muuaji mwenye maneno mazuri.

Pwani yetu ina hadithi yake ya kuoza kwa mtu, na haikuchukua njia hiyo. Fumo Liyongo hakuangushwa na kosa lake mwenyewe. Aliyeoza ni mwanawe, aliyeahidiwa binti wa mfalme endapo angeijua siri ya kumuua baba. Akauliza, akaambiwa ni sindano ya shaba kitovuni, akaichoma. Liyongo akafa amepiga goti, upinde mkononi, karibu na kisima. Na hapo msimuliaji, badala ya kuingia moyoni mwa muuaji, anatupeleka kwa watu wa mji: siku kadhaa hawakuteka maji, wakidhani yu hai na amekasirika. Msiba unapimwa kwa ndoo tupu.

Ebrahim Hussein aliifahamu mila hiyo na pia ile ya Wagiriki, na mwaka huohuo wa 1969 akatoa Kinjeketile. Kinjeketile wake ana karibu kila sifa anayoidai Aristotle. Anapandwa na pepo Hongo, anawapa watu maji, anawaunganisha dhidi ya Wajerumani, halafu anasikia ndani ya utabiri wake mwenyewe jambo linalomshtua, kwamba wakishinda watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar. Anatambua mapema mno, na utambuzi haumsaidii. Neno limeshatoka, limekua, watu wanalipigania wakiwa na yeye au bila yeye. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Edipode angesema, kwa sababu ukweli kuhusu nafsi yake ndio aliokuwa akiutafuta. Kinjeketile ananyamaza kwa ajili ya wasiozaliwa bado, watakaolihitaji neno lile. Sijui tanzia ya Ulaya inayomtwika shujaa wake mzigo wa namna hiyo, wa neno lililomzidi kimo.

Sasa tupande kutoka Mnara wa Saa hadi Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, majengo yaliyojengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kabla haijavunjika mwaka 1977. Serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba wao wa amani hapa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Miezi minane baadaye mkataba ukafa na watu wake. Na ni Arusha hiihii Umoja wa Mataifa ulikoiweka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambamo tarehe 9 Januari 1997 ilianza kesi ya Jean-Paul Akayesu.

Aristotle angemtambua. Akayesu alikuwa mwalimu, kisha mkaguzi wa shule, kisha meya wa Taba, aliyeheshimiwa na watu wake. Kwa mujibu wa hukumu yenyewe, mauaji yalipoanza Aprili 1994 aliyazuia yasiingie Taba, tena kwa kujihatarisha. Tarehe 18 Aprili mameya waliitwa Murambi kukutana na viongozi wa serikali ya mpito, akiwamo waziri mkuu Jean Kambanda. Aliporudi alikuwa mwingine. Mashahidi walieleza kwamba aliiacha suti yake akavaa koti la kijeshi. Makbeth naye anaandamwa na nguo tamthilia nzima, vazi la heshima la mwingine lisilomkaa. Wazee wetu walikwisha kulisema kwa lugha isiyo ya ukumbini: nguo ya kuazima haisitiri matako.

Alfajiri ya 19 Aprili, mahali paitwapo Gishyeshye, watu zaidi ya mia moja walikusanyika kuuzunguka mwili wa kijana wa wanamgambo wa Interahamwe aliyeuawa. Akayesu akazungumza. Aliwataka waungane kumwangamiza adui mmoja, msaliti anayeshirikiana na Inkotanyi, yaani RPF. Msomaji wa Juliasi Kaizari hawezi kukosa kuiona maiti nyingine pale, na Antony juu yake, akiusukuma umati bila kuonekana anausukuma. Tunayoikumbuka ni hotuba. Kinachofuata tunakisahau: umati unamkuta Cinna mshairi njiani, unamuua kwa sababu jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji wa Kaizari. Anajitetea kwamba yeye si yule, haisaidii. Rwanda watu waliuawa kwa neno lililoandikwa kwenye kitambulisho. Mahakama iliona kwamba Watutsi wasiopungua 2,000 waliuawa Taba.

Ndani ya chumba kile cha mahakama swali la Hussein likawa swali la kisheria. Neno alilolisema Akayesu lilimaanisha nini kwa waliolisikia? Majaji walimsikiliza mtaalamu wa isimu akieleza maana ya maneno kama inyenzi (mende) na ibyitso (washirika wa adui), yalivyobadilika vinywani mwa watu kufikia mwaka ule. Mashahidi walisema Kinyarwanda, kikafasiriwa Kifaransa, Kifaransa kikafasiriwa Kiingereza. Kiswahili, lugha ya mji wenyewe, hakikuwa na kiti humo. Uhakiki wa maneno ambao sisi huufanya darasani kwa ajili ya alama ulifanyika pale kwa ajili ya kifungo cha maisha.

Jambo lililonifanya niandike makala haya lilitokea mapema katika kesi hiyo. Hati ya mashtaka ilipofunguliwa haikuwa na neno kuhusu ubakaji. Mwanamke anayejulikana kwa herufi tu, shahidi J, aliyekuja kueleza mambo mengine, alisema kwamba binti yake wa miaka sita alibakwa na Interahamwe watatu. Baadaye shahidi H naye akasema yake. Miongoni mwa majaji watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, Pillay ndiye alikuwa mwanamke pekee, na maswali ya majaji yaliwaacha mashahidi waendelee badala ya kuwarudisha kwenye mstari. Juni 1997 hati ya mashtaka ikarekebishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari, na hukumu ikatamka kwamba ubakaji waweza kuwa sehemu ya mauaji hayo.

Korasi ya Wagiriki huomboleza, huonya, huuliza, lakini haiugeuzi mchezo. Mke wa Macduff hapewi nafasi ya kurudi jukwaani akasema, hamkuniuliza hili. Shahidi J aliugeuza mchezo katikati ya onyesho.

Walioanguka je, walitambua? Kambanda alikiri makosa yote sita tarehe 1 Mei 1998, akafungwa maisha tarehe 4 Septemba, siku mbili baada ya Akayesu kutiwa hatiani. Kisha akakata rufaa akitaka ungamo lake lifutwe. Oktoba 2000 rufaa ikatupwa. Edipode hakuwa na pa kukata rufaa macho yakiwa yamekwisha kutoka. Akayesu aliwaomba radhi watu wa Taba na Wanyarwanda wote, lakini hatia hakuikubali. Kwa mhakiki ni mwisho unaokera, hauna ile pumzi ndefu ya tendo la tano. Mimi naupenda kwa sababu hiyohiyo. Haukunipa nafasi ya kumlilia.

Bado benchi la Mwalimu linanisumbua. Mahakama ile, kama Shakespeare, ilihitaji mtu mmoja mmoja kizimbani, na haikuwa na njia nyingine. Iliwashtaki watu 93. Umati wa Gishyeshye haungeenea humo.

Watazamaji waliokwenda kusikiliza walikaa nyuma ya kioo. Ukumbi wa tamthilia hufungua pazia mhusika anapoanza kusema. Pale, shahidi wa kulindwa alipoingia, pazia lilivutwa likafungwa, na waliokuja kuangalia wakabaki na sauti ya mkalimani masikioni. Mahakama ilifunga shughuli zake mwisho wa mwaka 2015, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa Lakilaki, nje kidogo ya mji, Meru ikionekana kukiwa hakuna mawingu. Jina la Akayesu limeandikwa humo kwa ukamilifu. Mwanamke yule bado anaitwa J.